Tunu Zilizopotea Mlangoni kwa Bi Tembo

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Wewe mwenye hindi, acha kutafuna kwanza. Na wewe funga hilo dirisha. Kabla sijafungua mdomo wangu, kila mmoja ashike sikio lake la kulia aseme, "Wallahi sitamwambia mtu." Haya. Na wewe pale nyuma, nimekuona unachezesha midomo tu. Sema!

Vizuri. Maana habari hii ni ya siri. Ukoo wa Nguchiro upo mpaka leo, na wakisikia inasimuliwa huona haya hadi masharubu yakalala. Aliyenisimulia mimi aliniapisha hivihivi, nami nikamwapia, macho makavu kabisa. Jirani yangu akaipata kabla chai haijapoa. Basi na nyinyi nawapa. Lakini kumbukeni mmeapa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba zenye milango na kufagia nyua zao kila asubuhi, kulikuwa na desturi iliyoitwa tunu.

Tunu haikuwa zawadi ya harusi, wala ya sikukuu, wala ya kumjulia mtu hali. Hizo kila mtu anazitegemea. Tunu ilikuwa kitu kidogo tu, umekiona njiani ukamkumbuka mwenzio. Unakifunga katika jani la mgomba, unakwenda kwake wakati hayupo au hajafungua mlango, unakitundika mlangoni, unaondoka zako. Husemi. Naye akikikuta hatangazi, hashukuru, wala haulizi. Kumwuliza mtu "mbona siku hizi hunitundikii?" ilikuwa aibu, sawa na kuingia jikoni mwake ukafunua chungu. Aliyekuletea utamjua kwa fundo lake, maana kila mmoja alikuwa na namna yake ya kufunga.

Waliotundikiana kuliko wote walikuwa Bi Tembo na Bi Kifaru, mashoga tangu usichana wao. Bi Kifaru macho yake hayakuwa mazuri, na alifungia kwa midomo, ile midomo yake minene. Kwa hiyo fundo lake lilikuwa baya kuliko yote kijijini: limekaa upande, limelowa mate. Bi Tembo akirudi mtoni na mtungi wake, akiliona kutoka mbali, basi tena!

"Fundo bovu hilooo! Shoga yangu kapita!" Na alicheka mpaka vyungu vikagongana jikoni.

Sasa katikati ya nyumba hizo mbili, kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa, aliishi Nguchiro. Alikuwa amehamia tu pale, hana mjomba wala shangazi. Mdogo, mwembamba, mwepesi kama cheche, na maneno alikuwa nayo! Akiingia mahali, watu wanashika mbavu kwa kicheko. Anakaribishwa uji hapa, anakaribishwa viazi pale. Lakini akishatoka mlangoni, hakuna aliyebaki akimfikiria. Walimpenda akiwa mbele ya macho yao tu. Na tunu, wajukuu zangu, hutundikiwa yule unayemkumbuka akiwa hayupo.

Kila asubuhi Nguchiro alipita akiona vifurushi kwenye milango ya watu. Hapa kimoja, pale kimoja. Akirudi kwake anatazama juu ya mlango wake mwenyewe. Hakuna. Hata buibui hakujenga pale.

Asubuhi moja akapita uani kwa Bi Tembo. Mwenyewe yuko mtoni. Mlangoni kinaning'inia kifurushi, fundo upande.

"Naangalia tu," alijisemea. "Kuangalia si kuchukua."

Akaruka, hop! Akakishusha.

"Nanusa tu."

Akakifungua. Ndani mlikuwa na kunazi. Kunazi moja!

"Ala! Hiki ndicho kinachowachekesha watu mpaka vyungu vinagongana? Mbona hakijazi hata pengo la jino!" Akaitupia mdomoni. Nya! Ikaisha.

Lakini jani hakulitupa. Alikwenda nalo kwake, akalikunja vizuri, akalifunga fundo lake mwenyewe, dogo, la kubana, akalitundika juu ya mlango wake. Ndani hamna kitu. Akakaa chini yake, amekunja mkia, kama mtu anayeota jua.

Mara huyo Bi Ngiri anapita na kikapu chake. Bi Ngiri mnamjua, yule ambaye akijua jambo linamwasha mpaka alitoe.

"Weee! Nguchiro! Nini hicho juu ya mlango?"

"Kipi, Bi Ngiri?"

"Usijifanye! Si tunu hiyo? Nani kakutundikia? Lo, mwanangu, una mtu!"

"Bi Ngiri, na wewe! Tunu inaulizwa?"

Bi Ngiri akaziba mdomo kwa aibu, kisha akatimua mbio, tiki tiki tiki, kwenda kuwaambia wengine. Kabla ya jua la utosi kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Nguchiro naye ana wa kumkumbuka. Waliopita njiani walimwamkia kwa namna nyingine. Mmoja hata alimwita "bwana."

Na Nguchiro akakaa pale siku nzima akilitazama lile jani tupu. Mara moja moja upepo ukilitikisa, alishtuka akatabasamu, kama kwamba kweli kuna mtu alikuja.

Angeishia hapo ningemsamehe, na hata hadithi isingekuwepo. Lakini jani la mgomba hunyauka. Likishanyauka, watu wakaanza kuulizana, "Kwani yule mtu wa Nguchiro kamwacha?" Basi akarudi tena uani kwa Bi Tembo. Akarudi tena na tena. Bi Kifaru anatundika, Nguchiro anatungua.

Kulikuwa na tatizo moja. Bi Kifaru anapopita mahali, ardhi yenyewe inasema. Nyayo zake zilikuwa kama masinia. Bi Tembo akiziona atajua shoga yake alikuja, na akikuta mlango mtupu, atashangaa.

"Hapa pana haja ya akili," alisema Nguchiro.

Akachukua ufagio wa chelewa. Fya! Fya! Fya! Akafagia uani kwa Bi Tembo kuanzia njiani mpaka mlangoni, hata unyayo mmoja usionekane. Bi Tembo akarudi na mtungi kichwani, akasimama, akashangaa.

"Mwanangu! Nani kakutuma?"

"Shikamoo, Bi Tembo. Moyo wangu tu ndio ulionituma."

"Marahaba, marahaba! Siku hizi bado kuna watoto wa namna hii? Weka ufagio chini. Kaa unywe uji."

Akamkorogea uji wa mtama, akautia asali. Nguchiro akaunywa, na juu ya ulimi wake ladha ya tunu ya Bi Tembo ilikuwa bado haijaisha. Kesho yake akafagia tena. Akawa ndiye mfagiaji. Bi Tembo akamsifu kwa kila aliyepita: "Mtazameni yule, mdogo vile, ana adabu kuliko nyinyi wenye miili!"

Ila Bi Tembo alipokuwa anaingia ndani alitazama juu ya mlango. Alipotoka, akatazama. Yeye aliendelea kumpelekea shoga yake tunu kama kawaida, leo ukwaju, keshokutwa kichane cha ndizi changa. Lakini kicheko cha vyungu kugongana hakikusikika tena katika nyumba ile.

Siku moja, Nguchiro akiwa anakomba bakuli, Bi Tembo akasafisha koo.

"Mwanangu. Mimi siulizi kitu, unanielewa?"

"Nakuelewa, Bi Tembo. Huulizi."

"Siulizi. Lakini wewe unapita kwa watu. Shoga yangu kule ng'ambo... yu mzima?"

Hapo, wajukuu zangu, hapo ndipo angeweza kusema. Bi Tembo alikuwa ameinama, mkonga uko chini, masikio yamelala. Neno moja tu. Lakini Nguchiro akautazama uji, akaitazama asali, akaiona na ile "bwana" anayoitwa njiani inampotea.

"Mzima kabisa! Jana nilimsikia akicheka."

"Akicheka? Na nani?"

"Mmh. Mimi si mtu wa maneno, Bi Tembo."

"Sema!"

"Nasikia siku hizi yuko sana na Bi Twiga. Mlango wa Bi Twiga wanasema haukauki vifurushi. Lakini nimesikia tu. Pengine ni uongo."

Bi Tembo akautupia macho mlango wake mtupu. Kisha akasema, "Yule wa shingo? Ana maana gani yule wa shingo? Hata ukimsemesha jibu linachelewa kushuka." Nguchiro akacheka. Bi Tembo hakucheka. Alichukua bakuli, akaliosha, akalifuta, akaliosha tena.

Tangu siku ile hakupeleka tena tunu kwa Bi Kifaru.

Na Bi Kifaru je? Huyo ndiye anayeniuma mimi kuliko wote. Wakati ule alikuwa ameanza kuumwa kifua. Nguchiro alikutana naye njiani, asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Bi Kifaru amekaa juu ya jiwe, anapumua kwa shida, khoo! khoo! Na kati ya midomo yake kashika kifurushi.

Akakificha haraka chini ya kidevu, maana tunu haionyeshwi.

"Nani huyo?"

"Mimi, Bi Kifaru. Nguchiro. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ah, bora wewe. Nisaidie neno. Shoga yangu yu hali gani? Naona kwangu hapiti siku hizi."

Kusema "mbona hanitundikii" hakuweza. Alisema tu hapiti.

"Ni mguu, Bi Kifaru. Mguu unamsumbua, hatoki."

"Maskini! Nami sina habari. Nitakwenda mchana nikamtazame."

"Usiende!" Nguchiro aliruka. "Yaani... hataki kuonekana anachechemea. Unamjua alivyo na fahari."

"Namjua." Bi Kifaru akatabasamu. "Toka alipokuwa mtoto." Kisha akauliza polepole, kama mtu anayepita jirani na kitu asikiguse, "Na uso wake? Asubuhi, akifungua mlango wake. Uso wake ukoje?"

Nguchiro alijua anaulizwa nini. Desturi haikuruhusu kuuliza zaidi ya pale.

"Unang'aa, Bi Kifaru. Akifungua mlango, unang'aa."

"Unang'aa?"

"Kama sufuria mpya."

"Basi," alisema Bi Kifaru. "Basi, mwanangu, inatosha."

Akasimama. Alisimama kwa nguvu mpya kabisa, akashika njia kuelekea kwa Bi Tembo, huku anakohoa, huku anaguna kawimbo. Na Nguchiro akamfuata nyuma kwa mbali, taratibu, na ufagio wake begani.

Tangu hapo Bi Kifaru alizidisha. Kila alipopata nguvu za kusimama, alileta. Afya inapungua, vifurushi vinaongezeka. Nguchiro akanenepa mashavu. Lakini, sijui niseme vipi, alianza kuwahi kuamka. Alikuwa anajificha nyuma ya kinu cha Bi Tembo kabla mgonjwa hajafika, akimsikiliza anavyokuja: hatua, kikohozi, hatua, kikohozi. Siku akichelewa, Nguchiro alikuwa anarefusha shingo njiani. Mwenyewe hakujua kama anangojea tunu au anamngojea aliyeileta.

Kisha ikafika asubuhi ambayo hakuja. Badala yake kikaja kilio.

"Uuuwi! Uuuwi! Bi Kifaru jamani! Bi Kifaru ametutoka!"

Kijiji kizima kikaenda ng'ambo. Nguchiro naye akaenda. Akalia kuliko watoto wa marehemu, akajitupa chini, akajipaka vumbi, mpaka watu wakamwinua. "Pole, baba, pole. Ulikuwa unampenda." Akapewa sahani ya wali. Akala.

Wakati anakula, akamsikia Bi Ngiri nyuma yake akinong'ona na majirani.

"Mmeona? Bi Tembo hajaja!"

"Acha!"

"Nawaambieni! Nimepita kwake, mlango umefungwa. Namwita, ananijibu kwa ndani, 'Niende kama nani? Alishanitoa moyoni zamani.' Shoga yake yule! Waliokua pamoja!"

Mzee Kifaru, mume wa marehemu, alikuwa amekaa pale, pembe imeinama. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Haiwezekani. Yeye ndiye aliyekumbukwa mpaka mwisho kabisa. Usiku mke wangu hakuwa na nguvu hata ya kufunga. Alinipa kitu nikifunge mimi, nikitundike kwa shoga yake. Nimekitundika sasa hivi, nyinyi mlipokuwa mnakusanyika hapa. Kipo pale mlangoni."

Nguchiro akaacha kutafuna.

Kipo pale mlangoni! Na yeye hajafagia! Bi Tembo akifungua mlango tu, ataona kifurushi, ataona nyayo, atajua alikuwa anakumbukwa. Atauliza, hata kama ni aibu atauliza, na kila kitu kitamwagika. Nguchiro akaweka sahani chini. Akarudi kinyumenyume, mguu kwa mguu, akapita chini ya tumbo la Nyati, na huyo! Vuuu!

Mwepesi sana, ndiyo. Lakini kwa wepesi ule hakungoja kusikia neno la pili la Mzee Kifaru. Maana Mzee alifuta macho akaendelea, "Na jambo moja jingine aliniomba. Alisema, mkinibeba, msinipitishe njia ya mkato. Nipitisheni mlangoni kwa shoga yangu, nimuage."

Wakanyanyua jeneza. Nyati mbele, Mzee Kifaru ubavuni, kijiji chote nyuma. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyeongea. Mvua ya jana ilikuwa imelainisha njia, na miguu ile mikubwa ikawa inakwenda bila kishindo.

Nguchiro akafika. Mlango umefungwa, kimya. Kifurushi kiko juu. Akaruka, hop! Akakikamata kwa meno. Akavuta.

Hakitoki.

Mzee Kifaru hakujua kufunga tunu. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Yeye alizungusha kamba, akafunga, akafunga tena, akaogopa kitaanguka, akafunga tena juu yake. Nguchiro akavuta kulia. Akavuta kushoto. Akaning'inia, miguu minne hewani, anabembea, kwaru! kwaru! kwaru! Kucha zinakwaruza mlango.

"Nani hapo?" Sauti ya Bi Tembo, ndani, imekauka.

Nguchiro akataka kuachia. Meno yamenasa kwenye kamba. Akageuza macho, aangalie njia ya kukimbilia.

Njia haikuwepo. Palikuwa na Nyati. Nyuma ya Nyati, jeneza. Nyuma ya jeneza, kijiji kizima, wamesimama kimya, wanamtazama anavyobembea.

Na mlango ukafunguka.

Bi Tembo akasimama kizingitini. Akamwona Nguchiro. Akaona kilichomo mdomoni mwake. Akaona uani kwake nyayo kubwa za kifaru, zimekuja mpaka mlangoni, zimerudi. Kisha akainua macho akaliona jeneza.

"Mwizi!" Nyati alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kumbe ni wewe! Kumbe ndiyo maana unafagia! Bi Tembo, nipe ruhusa. Mguu mmoja tu!"

"Mkanyage!" walipiga kelele. "Mkanyage huyo!"

Bi Tembo akanyoosha mkonga, akamshika Nguchiro kiunoni, akakata kamba, akamshusha chini. Alimshusha taratibu.

"Mwacheni," alisema. "Msimguse. Hapa duniani huyu ndiye peke yake anayejua nilicholetewa."

Akamwinamia.

"Ulianza lini?"

Nguchiro akatema kipande cha kamba. "Wakati wa kunazi, Bi Tembo."

"Wakati wa kunazi!" Akajishika kwenye fremu ya mlango. "Basi aliniletea kunazi. Sema. Zote. Usiruke hata moja."

"Kwa nini lakini?" Bi Ngiri hakuweza kujizuia. "Wewe si una mtu wako anakutundikia?"

"Sina," alisema Nguchiro, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Hakuna aliyewahi kunitundikia kitu."

Wengine waliangalia chini. Lakini Bi Tembo hakuwa anasikiliza hayo. "Zote," alisema tena.

Nyati na wenzake wakaweka jeneza chini, uani pale, mbele ya mlango. Na Nguchiro akaanza. Akasema kulikuwa na kitawi cha mrehani, bado kina umande.

"Nilimwambia nyumba inanuka moshi," alisema Bi Tembo. "Hakusahau. Kisha?"

Kulikuwa na unyoya wa kanga.

"Wa kukunia sikio. Hili la kushoto linawasha. Kisha?"

Kulikuwa na kipande cha muwa, umemenywa kwa meno. Kulikuwa na kokoto.

"Kokoto?"

"Jeupe, Bi Tembo. Lina mstari mwekundu katikati."

Bi Tembo akatoa sauti, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio. "Ameliona! Jamani, ameliona! Tulikuwa wasichana, namwambia yapo kivukoni, yeye ananiita mwongo. Alishuka mpaka kivukoni? Na kifua kile? Liko wapi?"

"Nililitupa. Halikuwa la kula."

Nyati akakwaruza ardhi kwa kwato. Bi Tembo akainua mkonga kumzuia. "Endelea."

Akaendelea. Moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote, mbele ya marehemu. Kila alipotaja, Bi Tembo alijua maana yake, na Nguchiro, ambaye alikula karibu zote, ndiyo kwanza anasikia alikuwa anakula nini. Mpaka akafika mahali, akanyamaza.

"Na hiyo?"

"Hiyo... siku ile ilinyesha. Wewe ulirudi mapema, nikasikia miguu yako. Niliimeza na jani lake."

"Ilikuwa nini?"

"Sijui, Bi Tembo. Sikufungua."

"Tamu? Chungu?"

"Sikuonja."

"Lazima unakumbuka kitu! Ngumu? Laini? Kumbuka, mwanangu, kumbuka!" Yule mkubwa wa wote pale, alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anamsihi Nguchiro. "Chochote!"

Nguchiro akafumba macho, akatafuta. Machozi yakaanza kumtoka, na safari hii hakujipaka vumbi.

"Ilikuwa na vuguvugu," alisema. "Nafikiri alikuja ameishika mdomoni njia nzima, isilowe na mvua."

Bi Tembo akaweka kichwa chake juu ya jeneza, kifurushi cha mwisho kikiwa chini ya kidevu chake, bado kimefungwa. Hakulia kwa ajili ya kunazi, wala mrehani, wala kokoto. Alilia kwa ajili ya ile moja, ambayo hata mwizi hakuijua. Alilia mpaka wote wakalia, na Nguchiro katikati yao, kamba bado iko kwenye meno, hakuna anayemshika, na hana pa kwenda.

Basi sikieni, wajukuu zangu: msichukue kitu cha mtu mkasema ni kidogo, maana hamjui aliyekileta alitembea vipi.